Mpunga wa Ifakara, pesa ya simu na sanduku la marehemu baba

SWALI: Shikamoo mzee. Nanunua mpunga vijijini huku Kilombero, nakoboa Ifakara mjini, mchele naupeleka Tandale, Dar es Salaam. Msimu ukichanganya hupita mikononi mwangu milioni tatu mpaka nne kwa wiki. Marehemu baba aliyeniachia biashara alikuwa akisema fedha ni ile unayoishika, na sanduku lake bado liko chini ya kitanda changu. Akaunti benki ninayo, ila kwenda tawini ni kupoteza asubuhi nzima. Kijana wangu wa chuo ananishauri nifunge akaunti, kila kitu kiwe kwenye simu. Yeye ndiye hunisaidia kutuma, hata namba ya siri anaijua. Wateja wa Tandale wanataka kulipa kwa simu, wakulima wanataka noti. Nifuate lipi? Na kampuni ya simu ikifilisika, pesa yangu itakuwa wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimekaa dirishani benki tangu enzi za kitabu cha akiba na muhuri, na sasa uzeeni nina kibanda cha uwakala. Kwa hiyo pande zote mbili unazonishindanisha nazijua kwa kuzilia ugali. Nianze na swali lako la mwisho, maana naona ndilo linalokukosesha usingizi.

Kampuni ya simu si benki, wala pesa yako haiko ndani ya mnara. Salio unaloliona kwenye M-Pesa, Airtel Money au Mixx ni kumbukumbu tu kwamba kuna shilingi yako imewekwa kwenye akaunti ya amana katika benki ya biashara. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015, pamoja na kanuni zake za fedha za kielektroniki, inataka kila shilingi iliyoko kwenye simu za wateja iwe na shilingi mwenzake kwenye akaunti hiyo, tena itengwe na fedha za kampuni. Kampuni haina ruhusa ya kuzichukua ikalipia mishahara au ikajengea minara. Ikianguka kesho, wanaoidai hawatakiwi kuzigusa, kwa sababu hazikuwa zake. Akaunti hizo huzaa faida, na mwaka 2014 Tigo Pesa, kama Mixx ilivyoitwa wakati ule, ilianza kuwagawia wateja wake faida hiyo. Ukiona ujumbe kwamba umepewa gawio la shilingi mia nne na ushee, limetoka huko.

Kwa hiyo hofu yako tumeihamisha tu: imetoka kwenye kampuni ya simu ikaenda benki. Na benki nazo huanguka, tusidanganyane. Januari 2018 Benki Kuu ilifuta leseni za benki tano kwa siku moja: Covenant, Efatha, Benki ya Wananchi Njombe, Benki ya Wakulima Kagera na Benki ya Wananchi Meru. Hazikuwa kubwa, lakini ndizo zilizokuwa karibu na watu kama wewe na mimi. Wakati ule Bodi ya Bima ya Amana ilimlipa mwenye akaunti kisichozidi shilingi 1,500,000, na mwenye zaidi ya hapo alibaki kusubiri ufilisi uishe. Tangu 2023 kiwango hicho ni 7,500,000 kwa kila mteja katika kila benki. Kwa mzunguko wako wa milioni tatu au nne, bima hiyo inakufunika. Siku akiba yako ikivuka milioni saba na nusu, fungua akaunti benki ya pili.

Sasa sanduku. Marehemu mzee wako nampa haki yake: alikulia wakati ambapo tawi la benki lilikuwa wilayani na barabara ilikuwa ya kubahatisha. Lakini sanduku halina bima ya amana, na bonde la Kilombero unalijua mvua zikizidi. Tena noti nayo ina uhai wake. Benki Kuu ilitangaza kwamba noti za toleo la 1985 hadi 2003, za shilingi 20 mpaka 10,000, pamoja na ile ya 500 ya mwaka 2010, zibadilishwe kati ya tarehe 6 Januari na 5 Aprili 2025, na baada ya hapo zisiwe fedha tena. Mwezi wa tano akanijia kibandani mama mmoja na bahasha aliyoikuta kwenye begi la marehemu mumewe. Zilikuwa noti za elfu kumi za zamani, zimenyooka kama zimetoka kiwandani jana. Nilizihesabu zote kwa adabu kabla sijamwambia. Sikuwa na la kumsaidia. Leo jioni lifungue sanduku lako uangalie lina noti za mwaka gani.

Hayo ni ya usalama. Ila kwa mfanyabiashara kama wewe naona swali zito liko kwingine. Watu wengi huniuliza pesa ikae wapi. Mimi huwauliza: pesa yako hubadilisha ngozi mara ngapi kabla haijafika inakokwenda?

Nieleze. Pesa inayotoka simu kwenda simu hugharimu kidogo. Inayotoka akaunti kwenda akaunti hugharimu kidogo. Kuiweka kwa wakala hukatwi. Makato mazito yako mlangoni, pale pesa ya simu inapogeuka noti. Na hapo ndipo serikali nayo iliposimama na kapu lake: Julai 2021 ilipoanza tozo ya miamala, kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa kutuma au kutoa, nchi nzima ilipiga kelele mpaka Septemba mwaka huohuo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Sisi mawakala tuliiona kwa macho. Watu walirudi kupeana bahasha kupitia makondakta wa mabasi.

Sasa ifuate milioni moja yako, kwa jinsi ninavyoelewa barua yako. Mteja wa Tandale anakutumia kwa simu. Unaenda kwa wakala mjini, unatoa. Hapo umeacha elfu kadhaa. Zilizobaki baada ya kununua unazipeleka benki, unapanga foleni. Wiki ijayo mpunga ukipatikana unarudi kuzitoa tena, unapanga foleni nyingine, unapanda bodaboda na mfuko tumboni mpaka kijijini. Shilingi ileile imekuwa ya simu, ikawa noti, ikawa ya benki, ikawa noti tena. Kila ilipovuka kuna mtu alikula, na mara mbili wewe ulilipa kwa muda wako. Kijana wako ameziona foleni tu. Makato ya kutoa hajayaona, na hayo yangekufuata hata ungefunga akaunti, tena yangezidi.

Kwa hiyo mimi siafiki ufunge akaunti. Ningeanza kwa kubadili njia pesa inapoingilia. Mteja wa Tandale mwambie alipe moja kwa moja kwenye akaunti yako ya benki, hata kama yeye anatumia simu. Hili zamani lilikuwa gumu. Mitandao yetu ilianza kuelewana mwaka 2014, Vodacom wakajiunga 2016, na sasa Benki Kuu ina mfumo wa malipo ya papo kwa papo, TIPS, unaounganisha benki na kampuni za simu. Milioni ikitoka simu ya Tandale inaingia akaunti ya Ifakara kabla dereva hajafunga turubai. Kama wateja wako ni wengi na wadogowadogo, omba Lipa Namba ya biashara, kisha ukusanyacho ukihamishie benki kwa mkupuo. Makato ya Lipa Namba hutofautiana kati ya mtandao na mtandao, na pengine mlipaji ndiye hukatwa, pengine mpokeaji. Uliza kabla hujabandika karatasi ukutani.

Ukihitaji noti za kwenda nazo shamba, toa mara moja kwa wiki, benki. Makato ya wakala wa simu hupanda ngazi kadiri kiasi kinavyopanda, na simu ina kikomo. Mwaka 2020 Benki Kuu ilipandisha muamala wa siku kutoka milioni tatu hadi tano, na salio la siku kutoka tano hadi kumi. Milioni tano zinakutosha leo, ila msimu mzuri utagonga dari. Dirishani unatoa milioni tatu kwa karatasi moja. Na usifike asubuhi ukapanga foleni kwa kubahatisha. Piga simu tawini jana yake, sema kesho nahitaji kiasi fulani, nyingi ziwe za elfu tano na elfu kumi. Sisi wa dirishani tulikuwa tukiwapenda sana wateja wa namna hiyo, tukawawekea pembeni. Kuweka usiende tawini kabisa: mawakala wa benki wameruhusiwa tangu 2013, na benki nyingi hazimkati mteja anapoweka. Asubuhi uliyokuwa ukipoteza ndani ya tawi ndiyo iliyonifanya mimi nikapata kazi ya uzeeni.

Wakulima sasa. Hapa ndipo pagumu, na vijana wa mjini hawapajui. Mkulima anayetaka noti si mshamba. Anajua msimu wa mavuno kila mtu kijijini anatoa na hakuna anayeweka, kwa hiyo wakala wa kijiji anabaki na floti, yaani salio lake la kazi, ya kumwaga kwenye simu na droo tupu. Ukimlipa laki nne kwa simu, umempa kazi ya kuzunguka siku mbili kutafuta wakala mwenye noti, na akimpata anakatwa. Ndiyo maana anakuambia "weka na ya kutolea." Yuko sahihi. Kama unamlipa kwa simu na bei ni ileile ya noti, umempunja.

Lakini muulize kitu kimoja: pesa hii inaenda wapi? Akijibu, sehemu ni ya kumrudishia jirani deni, sehemu ya kumtumia binti aliyeko Morogoro, sehemu ya kununua bati dukani mjini, basi hiyo ya binti na ya bati haina haja ya kuwa noti. Mpe ya jirani mkononi, nyingine mtumie. Haitageuka ngozi tena, haitakatwa ya kutolea, na wewe umebeba nusu ya mzigo kwenye bodaboda. Kitochi kinatosha kwa hilo, halazimiki kuwa na simu janja. Wafanyabiashara wawili watatu ninaowajua wamefika hapo kwa kuzoeana tu na wakulima wao, msimu mmoja hadi mwingine. Siku ya kwanza hakuna atakayekubali. Nusu kwa nusu huanza kwa robo.

Kuna jambo la akaunti ambalo kijana wako hajaliwaza kwa sababu bado hajakopa. Siku utakapotaka mashine yako mwenyewe ya kukoboa, ofisa mikopo ataomba taarifa ya akaunti ya miezi sita au mwaka. Milioni tatu kwa wiki zikipita hapo zinaongea zenyewe. Zikipita sandukuni hazina shahidi. Simu nayo itakupa mkopo bila maswali, lakini ni mdogo, wa siku chache, na ukiupima kwa mwaka riba yake inatisha. Ule wa kukuongezea pale salio lilipopungua usiuzoee kabisa. Programu za mikopo zinazokuja kwa matangazo ya mtandaoni usiziguse. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni, na zipo zilizokuwa zikisoma majina yote kwenye simu ya mkopaji ili zimwaibishe kwa ndugu akichelewa. Kausha damu ya mtaani angalau unaijua sura.

Namba ya siri. Hili nitalisema kwa ukali kidogo, unisamehe. Si kwamba kijana wako ni mwizi. Ila namba ikijulikana na wawili, siku pesa ikipotea hakuna wa kuhojiwa peke yake, na mtakosana bure. Kampuni na benki nazo zitakuambia umevunja masharti, watakuwa wameshinda. Nunua laini ya pili iwe ya biashara tu, isajiliwe kwa kitambulisho chako cha NIDA, si cha kijana. Kisha piga *106# uangalie laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Usiyoitambua ikatae. Namba ya siri ya laini hiyo ibaki kichwani mwako. Kijana mfundishe kazi nyingine yenye faida zaidi: kila jioni akuandikie kwenye daftari nani amelipa, kiasi gani, kwa njia gani, na makato yalikuwa shilingi ngapi.

Na usifikiri kumpa namba ya siri ndiyo kumrithisha. Mtu akifariki, aliyechota salio kwa simu ya marehemu ameingilia mirathi, awe mtoto wa kwanza au wa mwisho. Pesa ya simu na ya benki zote hutolewa kwa msimamizi aliyeteuliwa na mahakama. Familia nyingi hufika kwangu na simu ya marehemu wakitaka niwasaidie. Nawarudisha mahakamani.

Utapeli mkubwa kwa wauza mchele si ule wa "ile hela tuma kwenye namba hii." Ule umezeeka, kila mtu anaujua, na ukiupata ipeleke namba hiyo kwenye 15040, namba ya kuripoti matapeli. Wa kwenu ni ujumbe wa kughushi. Gari limeshapakia, mteja anasema nimetuma, ujumbe unaingia wenye jina lake na kiasi kamili, dereva anapiga honi. Tazama ujumbe ule umetoka wapi: namba ya kawaida ya mtu, au jina la huduma? Hata ukitoka kwenye jina unalolijua, usiruhusu gari kabla hujaingia mwenyewe kwenye menyu na kuangalia salio. Dakika moja tu. Na akikupigia mtu kudai yuko huduma kwa wateja, anataka "kukuhakiki", kata. Mimi wakala sina haja ya namba yako ya siri, na yule wa makao makuu hana haja nayo vilevile.

Simu ina siku zake mbaya, nazo uzipangie. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ikadorora nchi nzima. Mwishoni mwa Oktoba 2025 ilizimwa kwa siku kadhaa wakati wa uchaguzi. Programu za benki kwenye simu janja ziligeuka picha tu. Menyu za nyota na reli, *150*00# na wenzake, hazipiti kwenye intaneti, kwa hiyo mara nyingi huendelea pale programu inapogoma. Jifunze menyu ya benki yako kwa njia hiyo, usitegemee programu peke yake. Lakini hata menyu ikifanya kazi, wakala akiwa amefunga kibanda huna noti. Kwa hiyo noti za kuendesha nyumba na biashara kwa wiki moja, mafuta ya bodaboda, vibarua wa kupakia, chakula, ziwepo nyumbani. Si milioni. Laki mbili au tatu, kulingana na mwezi. Hapo mzee wako alikuwa sahihi kabisa, na sanduku lake lina kazi.

Wateja wa Tandale waambie mapema kwamba namba ya kulipia itabadilika, tena waambie kwa sauti, si kwa ujumbe. Matapeli hutuma ujumbe uleule wa "namba yangu imebadilika", na mteja mwerevu atakupigia kuhakikisha. Akikupigia usimkasirikie.

Daftari la makato lianze Jumatatu hii. Baada ya mwezi mmoja wa kuandika kila shilingi iliyokatwa, ya wakala, ya benki, ya kutuma, ya ada ya mwezi, niandikie tena na hesabu hiyo. Nataka hasa kuona wakala wa kijijini anakukata kiasi gani na kama kinalingana na bango la kampuni. Nina wasiwasi mnatozwa juu ya bei, na kama ndivyo, kuna pa kulipeleka.